Tanzania tumo kwenye Mkataba wa Hamburg tangu 1979, mbona wenye meli wananiambia niende London?

Mchuuzi_Gerezani
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada wa mawazo maana kichwa kinaniuma. Niliagiza mashine ya kufyatulia tofali kutoka China, imefika Dar, tunafungua kontena kule ICD (bandari kavu) tunakuta sakafu imelowa, mashine imeota kutu mpaka kwenye mota, na paneli ya umeme ndo usiseme. Thamani yake ni dola 22,000 hivi, uzito kwenye karatasi kilo 1,800. Nikawaandikia wenye meli (jina naliacha, sitaki maneno) wakanijibu kwa upole kweli, eti safari ilikuwa na hali mbaya ya bahari, na kwa masharti yaliyo nyuma ya BL (hati ya kusafirishia mzigo) wao hawawajibiki kwa hatari za baharini, na kama sijaridhika niko huru kufungua kesi London. Yani mimi wa Gerezani nikafungue kesi London kwa ajili ya mashine ya tofali.

Sasa nikaanza kusomasoma. Nakuta kuna Mkataba wa Hamburg wa 1978 wa kubeba mizigo baharini, Tanzania tumo tangu 1979, na unasema wazi mwenye mzigo anaweza kushtaki hapo hapo bandari ambayo mzigo umeshushwa. Nikafurahi. Alafu nikaangalia orodha ya nchi wanachama: Uganda ipo, Kenya ipo, Burundi, Zambia, Malawi, mpaka Lesotho na Botswana zimo. Natafuta Ugiriki, Japani, Uingereza, Norway, China, Ujerumani yenyewe yenye huo mji wa Hamburg, hakuna hata mmoja! Lesotho wana bahari gani jamani? Sasa naomba wanaojua wanieleze, hili dili tulikubaliana na nani kama wenye meli hawakuwepo? Na huo mkataba unanisaidia au ni pambo?

ejenti_kurasini
Pole sana mkuu. Nipo kwenye kazi za kuklia mizigo miaka mingi na sijawahi kuona mteja amelipwa kwa kutaja Hamburg. BL wameiandika wao, wewe unakuja kuiona pesa ukiwa ushatuma. Na tatizo linaanzia hapo, sisi tunanunua CIF, yani bei ya muuzaji ina usafiri ndani, muuzaji wa kule ndo anatafuta meli, anatafuta ya bei ya chini kwasababu freti (nauli ya mzigo) inatoka kwenye faida yake, masharti ya nyuma hayamhusu kabisa maana mzigo ukishapanda melini hatari ni yako. Tukiuza kahawa na korosho tunauza FOB, yani bei yetu inaishia mzigo ukipanda meli hapa, mnunuzi ndo anachagua meli. Kwahiyo kwenda na kurudi hatuchagui sisi.

Bima ulikata wapi? Siku hizi TIRA (mamlaka ya bima) wanataka mzigo wa kuingia ukatiwe bima kwenye kampuni za hapa nchini, ila najua wengi mnakata ile ya bei chee ili cheti kionekane tu.

Kobe_la_Ununio
London mbali ila ndege zipo 😂

wakili_wa_bara
Mleta mada swali lako la "tulikubaliana na nani" ni zuri kuliko unavyodhani, maana jibu lake ni kwamba tulikubaliana na wenzetu wenye mizigo. Ngoja nieleze kidogo, nitaandika ndefu mnivumilie.

Hili ni vita ya zamani kuliko nchi zetu. Karne ya 19 wenye meli wengi walikuwa Waingereza na walikuwa wanaandika kwenye BL kwamba hawawajibiki kwa chochote, hata uzembe wao wenyewe. Marekani wakati ule haikuwa taifa la meli, ilikuwa taifa la mizigo, wakulima wa pamba na ngano wanabebewa na meli za wengine, kama sisi leo. Mwaka 1893 Kongresi ikapitisha Sheria ya Harter, ikamwambia mwenye meli huwezi kujitoa kwenye uzembe wa kutunza mzigo, ila tukupe kitu nawe, kama umeandaa meli yako vizuri basi nahodha akikosea kuiongoza hutalipa. Hiyo zawadi ya "kosa la uongozaji meli" ndo ikaingia kwenye Kanuni za Hague zilizosainiwa Brussels mwaka 1924, pamoja na orodha ndefu ya visingizio, moto, dhoruba, hatari za bahari, vita, na kadhalika, na ukomo wa pauni 100 kwa kila furushi. Mwingereza akatuletea sisi makoloni hayo hayo. Mwaka 1968 yakaboreshwa yakaitwa Hague-Visby lakini zawadi ya nahodha ikabaki pale pale.

Miaka ya 60 nchi zimepata uhuru, zinaingia UNCTAD (chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo), zinaanza kuuliza nani aliandika haya mambo. Hapo ndo kazi ikahamia UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara) na mwisho mkutano wa Hamburg, Machi 1978, nchi 78. Nchi za mizigo zilitaka kitu kimoja, mwenye meli adhaniwe kuwa na kosa mpaka athibitishe kwamba yeye na watu wake walichukua kila hatua ya busara. Orodha ya visingizio ifutwe, kosa la nahodha lifutwe. Nchi za meli zikakaza. Wakatoka na maelewano, zawadi ya nahodha ikaondolewa kweli, lakini kwenye moto wenye meli wakapata chao, mzigo ukiungua ni wewe mwenye mzigo unayetakiwa kuthibitisha kwamba wao walizembea. Sasa fikiria unathibitishaje moto uliowaka katikati ya bahari na mashahidi wote ni waajiriwa wake.

Mkataba ukasainiwa, mikono ikapigwa, hata baadhi ya nchi zenye meli zilitia saini pale. Kisha zikarudi kwao zikakaa kimya. Kutia saini sio kuridhia. Ilichukua mpaka Novemba 1992 kuanza kutumika, baada ya Zambia kufikisha ile idadi ya 20. Kwahiyo ukiona Zambia na Lesotho kwenye orodha usicheke mkuu, hao ndo wanaolipa gharama ya bahari bila kuwa na bahari.

Mchuuzi_Gerezani
Wakili nashukuru sana kaka. Sasa hapo kwenye "kukaa kimya", kwani inawezekana mtu akae mezani, abishane wiki nzima, apunguziwe, alafu aondoke asiridhie?

wakili_wa_bara
Inawezekana na ndo silaha yao kubwa. Kwenye chumba cha mkutano kila nchi kura moja, Burundi na Japani sawa. Nje ya chumba meli ziko kwa nani? Nchi zenye tani nyingi za meli zikikataa kuridhia, mkataba unakuwa wa wenye mizigo peke yao. Nchi za Nordiki zilifanya ujanja mzuri zaidi, mwaka 1994 wakaandika sheria zao upya, wakabaki na Hague-Visby lakini wakachukua kutoka Hamburg vile vipengele ambavyo haviwaumizi. China nao hawakuingia popote, sheria yao ya bahari ya 1992 ilichanganya, ukomo wa dhima wa Visby, kosa la nahodha wakalibakiza, muda wa uwajibikaji kwa makontena wakachukua ule wa Hamburg, bandari hadi bandari. Wanauza mizigo na wana meli, wakapima pande zote mbili.

Baharia_wa_Kale
Assalam aleykum nyote. Mie ni mtu wa Mombasa, nimestaafu, nimefanya kazi baharini, nyingi meli za Wagiriki. Nawasoma hapa naona wenye meli wamekuwa mashetani, nami nina la kusema.

Kwanza kijana wangu elewa "taifa la meli" ni nani. Meli niliyokuwa nayo mimi bendera ya Liberia, mwenyewe yuko Piraeus huko Ugiriki, bima London, mabaharia Wafilipino na sie wachache, mzigo wa Mjapani. Ugiriki ni nchi ya watu milioni 10 na ushei tu lakini matajiri wao wanamiliki zaidi ya asilimia 15 ya uwezo wote wa kubeba mizigo duniani. Zile meli hazibebi mizigo ya Ugiriki! Ugiriki ina mzigo gani? Zinabeba mizigo ya wengine kwa wengine. Sasa Mgiriki akienda mkutanoni atatetea nini kama si meli? Ndiyo chakula chake. Wewe mbona hulaumu Brazili akitetea kahawa.

Pili, hizo lawama za nahodha. Bahari si barabara. Nimeona dhoruba kusini mwa Madagaska ambayo ungewekewa Hamburg au Hague mbele yako usingejua ni ipi. Mwenye meli anakatia bima hasara za mizigo kwenye vile vyama vyao, P&I, wenye meli wanachangiana, vyama 12 vikubwa vinabeba karibu asilimia 90 ya tani za meli zinazokwenda bahari kuu. Hoja yao tangu zamani ni hii, mkinibana mimi nilipe kila kitu michango inapanda, ikipanda napandisha freti, nawe mwenye mzigo bado utakata bima yako vilevile kwa sababu huniamini. Utalipa mara mbili. Si hoja ya kijinga hiyo.

wakili_wa_bara
Mzee wangu aleykum salaam, shikamoo. Hoja naijua na ina uzito kidogo, lakini angalia nani anafaidika na mpangilio huo. Michango ya P&I inakwenda London na Oslo na Luxembourg, bima ya mzigo nayo kwa miaka mingi ilikuwa inaishia London huko huko kupitia bima mtawanyo, yani kampuni za bima kujikatia bima kwa kampuni nyingine. Nchi ya meli haitetei meli tu, inatetea mabenki, mabima, mawakili, na mahakama. Hiyo kesi ya London anayotishiwa mleta mada ni biashara ya Uingereza. Leo meli zinazopeperusha bendera ya Uingereza sio nyingi kivile lakini mahakama zao bado zinajaa kesi za meli za dunia nzima. Na wao Hamburg hawakuigusa.

Na ile Ever Given iliyokwama Suez Machi 2021, umeiona mzee? Wenyewe Wajapani, bendera Panama, waendeshaji Taiwan. Siku sita njia imefungwa, ikichomolewa mwenye meli anatangaza jenero avareji, yani wenye mizigo waliomo ndani ya yale makontena elfu 18 na zaidi wachangie gharama za kuiokoa, mtu hajapata mzigo wake anaambiwa aweke dhamana kwanza. Ukiwa na kanuni za Hague hata kama nahodha ndo kakosea bado unachangia tu. Hicho ndo kitu Hamburg ilitaka kukiua.

Baharia_wa_Kale
Jenero avareji ni ya tangu enzi za majahazi, ukitupa mzigo wa mmoja kuokoa wote mnachangiana. Hata manahodha wa Lamu waliijua. Msiifanye ujanja wa Wazungu.

Ila nakubali moja, sie Afrika Mashariki tulijaribu kuwa wenye meli tukashindwa wenyewe. Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilianzisha shirika la meli, Eastern Africa National Shipping Line, meli zina majina matamu, Harambee, Ujamaa, Mulungushi. Mwaka 1980 limekufa. Na wakati huo huo tulikuwa tunapigania kule Geneva ile kanuni ya 1974 ya mizigo ya laini (meli zenye ratiba maalumu), 40:40:20, kwamba asilimia 40 ya mzigo ibebwe na meli za nchi inayouza, 40 ya nchi inayonunua, 20 wengine. Ikaanza kazi 1983. Sie tayari hatuna meli! Umepewa asilimia 40 na huna chombo. Mtu akikuuliza nani kakuonea utasema nani?

ejenti_kurasini
Mzee hapo umegusa penyewe. Ila Tanzania tuna SINOTASHIP na Mchina tangu 1967, nusu kwa nusu, sio kwamba hatuna kabisa.

Mchuuzi_Gerezani
Sasa wazee wangu mmenipa historia nzuri nimefurahi, turudi kwenye mashine yangu. Nikisema Hamburg inanihusu kwasababu Dar ndo bandari ya kushushia, wakili, ni sahihi au najidanganya? Na nikishinda napata ngapi?

wakili_wa_bara
Tuanze na ngapi. Kwa Hague-Visby ukomo ni SDR 666.67 kwa furushi au SDR 2 kwa kilo, inachukuliwa iliyo kubwa. SDR ni ile fedha ya hesabu ya IMF, moja ni kama dola 1.3 na kitu. Mashine yako kilo 1,800, kwahiyo SDR 3,600. Kwa Hamburg ni 835 kwa furushi au 2.5 kwa kilo, unapata SDR 4,500. Tofauti ni SDR 900, na pande zote mbili huifikii dola 22,000. Watu wengi wanagombania mkataba wakidhani ukomo ndo kila kitu. Kwako wewe kilichotofautiana sana ni viwili, nani anathibitisha na wapi. Kwa Hague yeye anasema dhoruba, hatari za bahari, kisha unaanza kuhangaika wewe kuonyesha kwamba kontena lilikuwa bovu. Kwa Hamburg neno dhoruba peke yake halitoshi, aonyeshe alifanya nini kuzuia maji yasiingie. Na unamshtaki hapa hapa.

Sasa kwenye kukuhusu. Hamburg imeandikwa kwa ajili ya watu kama wewe, kifungu cha 2 kinasema unatumika bandari ya kushushia ikiwa kwenye nchi mwanachama. Hague-Visby haina hiyo, inaangalia mzigo ulipopakiwa au BL ilipotolewa. Kwahiyo kwenye makaratasi una haki. Shida ni kwamba kwetu mkataba haugeuki sheria mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza, na sheria ya kubeba mizigo baharini tuliyonayo tulirithi kwa Mwingereza, ina Hague ndani yake, na inazungumzia mizigo inayotoka bandari zetu. Ya kuingia imeachwa. Kwahiyo mzigo wako unaoingia hauna sheria ya ndani inayoulinda, unabaki na BL, na BL inasema London. Wenye meli wa 1978 hawakuhitaji hata kupigana na sisi hapa, tuliwaachia mlango wazi wenyewe kwa miaka 40 na zaidi.

Kenya wana hali tofauti kidogo, katiba yao ya 2010 ibara ya 2(6) inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria, na wao Hamburg waliingia 1989, lakini sheria yao ya 1926 yenye Hague bado iko kwenye vitabu, kwahiyo mawakili wa Mombasa nao wana la kubishania.

pwani_mchumi
Naongeza kidogo kuhusu majadiliano maana mnaishia 1978. UNCITRAL walikaa tena kuanzia 2002, wakatoka na Mkataba wa Rotterdam, Umoja wa Mataifa ukaupitisha Desemba 2008, ukatiwa saini Rotterdam Septemba 2009. Safari hii kosa la nahodha limefutwa na nchi za meli zimekubali, Ugiriki, Norway, Marekani wote walitia saini! Ukomo SDR 875 au 3 kwa kilo. Unaona kile kilichoonekana cha kichaa mwaka 1978 kimekuja kukubalika. Lakini Wamarekani wakaingiza kipengele cha mikataba ya mizigo mingi, mteja mkubwa na mwenye meli wanaweza kukubaliana nje ya kanuni. Maana yake duka kubwa la Marekani lenye makontena elfu kumi linajipangia masharti, wewe wa kontena moja huna nguvu ya kujadiliana na mtu. Na mpaka sasa walioridhia ni Hispania, Togo, Kongo Brazzaville, Kameruni na Benin. Zinatakiwa 20. Nchi 4 kati ya 5 ni za Afrika tena, wakubwa wanasubiri kuona nani anaanza.

Mchuuzi_Gerezani
Duh. Kwahiyo nifanyeje, niache?

Kobe_la_Ununio
Bima baba. Bima.

Mchuuzi_Gerezani
Bima ninayo, nilikata ya hapa hapa ila nimeambiwa ni ile ya hatari chache, maji ya chumvi wanasema mpaka wathibitishe meli ilipatwa na ajali. Nimechoka.

wakili_wa_bara
Usiache. Muda kwanza, kwa Hague una mwaka mmoja kufungua kesi, kwa Hamburg miwili, wewe jihesabie mmoja usijidanganye. Waandikie leo barua rasmi ya madai, sio meseji, na uwaombe waongeze muda wa kudai kwa maandishi, mara nyingi wanakubali maana hawataki kesi na wao. Barua ipelekwe pia kwa bima yako, maana bima wakikulipa wao ndo watawafuata wenye meli na wana mawakili, na ukichelewesha taarifa watakukatalia kwa sababu hiyo. Kisha kama itafika huko, fungua hapa Dar, waache wao ndo waombe kesi isimamishwe kwa ajili ya London, mahakama ina hiari, unaeleza mashine iko hapa, mashahidi wako hapa, mkaguzi yuko hapa, na nchi yako iliridhia mkataba unaosema hivyo hivyo. Sikuahidi ushindi. Ila mwenye meli akiona umefungua kesi kweli kwa madai ya SDR elfu nne hivi, mara nyingi hesabu yake inamwambia akae mezani.

Baharia_wa_Kale
Na mwambieni sevea (mkaguzi wa mizigo) apime yale maji kwa dawa ya silva naitreti. Yakigeuka meupe kama maziwa ni ya bahari, yasipogeuka ni mvua ya bandarini au jasho la kontena, na hapo wenye meli watakuruka uende kwa bandari. Kisha aingie ndani ya kontena mchana, mlango ufungwe, atazame juu na pembeni kama mwanga unapenya. Tundu likiwepo na limeshika kutu ya zamani, hadithi ya dhoruba imekwisha, kontena ni lao wenyewe.

Mchuuzi_Gerezani
Mzee Mungu akubariki. Kontena bado liko ICD, nilikuwa nataka kulirudisha kesho tupu ili lisiendelee kula hela.

ejenti_kurasini
USILIRUDISHE. Ukirudisha tu wanalipiga welding na ushahidi umeenda. Waandikie kwamba unalizuia kwa ajili ya ukaguzi wa pamoja, waite na sevea wao waje siku moja na wako, na uombe siku za kukaa na kontena bure ziongezwe. Wakikataa lipa hizo siku mbili tatu utaziweka kwenye madai. Na lile siili (lakiri ya mlango wa kontena) ulilokata liko wapi, usije ukasema umetupa.

Mchuuzi_Gerezani
Siili dogo analo kwenye gari. Nampigia sasa hivi.